Gauni Bila Mkasi

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani wangu pale Ujiji nikisubiri suruali, akaingia mama mmoja amekumbatia kitenge kilichofungwa kwenye nailoni kama mtu aliyebeba kichanga. Kesho yake binti yake alikuwa anaolewa.

“Nishonee gauni,” akasema. “Ila usikikate.”

Fundi akamtazama. “Nishone bila kukata, mama?”

Mama akaeleza huku akifuta jasho. Kitenge hicho yeye na wenzake wakusanya vitenge walikichangia pesa kwenye kundi lao la simu kabla hata hakijachapishwa huko Kongo. Yeye ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote, ndiyo maana akapewa kipande cha kwanza. Nyumbani anavyo vingine kabati zima, vyote havijakatwa, na lebo zake.

“Ukikata, kundini wanakuita mvaaji tu,” akasema. Nilitamani kucheka, lakini uso wake haukuruhusu.

Fundi akakitandaza mezani, akachukua mkasi. Mama akamdaka mkono. “Ngoja kwanza!” Akakipiga picha, akakinusa, akakipiga picha tena.

“Mama,” fundi akasema taratibu, “nguo isiyoshonwa ni sanda. Hiyo ina siku yake.”

Mama akageukia ukutani. “Haya, kata. Lebo tu usiiguse.”

Harusini, maana nami nilialikwa, nilimwona. Alipendeza kweli kweli, lebo ikiwa palepale kwenye pindo. Wakati wa kuaga, bibi harusi alimjia mama yake mikono wazi, machozi yakimtiririka. Mama akarudi nyuma hatua moja.

“Futa poda kwanza, mwanangu.”