Kubadilisha Mabati Bila Kuhamisha Kitanda

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huko Sarang'ombe wakati fundi wa kompyuta, dada mwenye kofia ya sufu, alipotangaza: "Tunazima kidogo. Programu inayotunza rekodi zenu inapata toleo jipya. Ni badiliko dogo tu."

Mama mmoja wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera akasimama, mtoto mgongoni. "Na rekodi zinaenda wapi? Huyu akipewa penisilini anafura uso. Imeandikwa humo ndani."

Fundi akamtazama. "Mathe, ukibadilisha mabati unahamisha kitanda?"

"Wapi! Nafunika na nailoni."

"Basi hata mimi nimefunika. Nakala iko kando."

Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na benchi nzima ikakodoa macho kama watu walioezuliwa paa huku mawingu yakikusanyika. Fundi mwenyewe alishika meza kwa mikono miwili.

Skrini ikarudi. "Nijaribu na nani?"

Mama alikuwa ameshafika mezani. Fundi akaandika jina la mtoto, akamgeuzia skrini. Sisi wengine tukarefusha shingo. Maandishi mekundu: ASIPEWE PENISILINI.

"Bado inamjua," mama akasema polepole, akigusa kioo kwa kidole.

Mimi nikibadilisha simu napoteza hata namba ya mama yangu. Mashine ile ilibadilishiwa akili mbele ya macho yangu, na ilipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa la kumkinga mtoto wa Gatwekera.