Nilipoilaumu Miraa

Mimi ni Mmeru wa Kianjai, bara kwenye milima, na kabla ya corona nilikuwa nauza miraa kwenye kisiwa kidogo huko pwani. Binamu yangu Muriuki aliichuma kwetu, akaifunga kwa majani ya ndizi, ikasafiri kwa gari kisha kwa boti, na ikifika nilikuwa kibandani, wateja wamenizunguka. Nilipanga chumba kwa Bi Zuhura, mjane aliyekicheka Kiswahili changu cha milimani na bado akanilisha.

Ugonjwa ulipoingia nchini, wageni walikoma kuja. Hoteli zilifungwa, wapishi na manahodha wakakaa barazani wakitazamana. Kule hata vitunguu huja kwa boti, na boti zilipungua. Miraa nayo ikaanza kuchelewa. Ndiyo maana siku nilipoitafuna nikaona haina ladha yoyote, sikujishuku mimi. Nilimpigia Muriuki.

"Umenitumia nyasi?"

"Aki hiyo nilichuma asubuhi ikapanda gari siku hiyo hiyo! Ni kangeta safi, hakuna miraa ingine poa kuliko hiyo."

Wateja nao walisema iko sawa. Nikawaambia ni arosto, ile hamu ya aliyeikosa, inawafanya waione tamu.

Mla miraa amezoea kukosa usingizi, kutotamani chakula, kutokwa na jasho. Dalili zote zilinijia nikadhani ni miraa tu. Aliyenishtua ni Bi Zuhura. Siku hiyo alisahau wali jikoni, ukaungua mpaka nyumba nzima ikanuka, nami nimekaa pale pale mlangoni.

"Mwanangu, husikii harufu?"

Sikusikia kitu. Alinitazama vizuri, kisha akavaa barakoa. "Na mbona wahema hivyo? Inuka, twende hospitali."

Kutembea sikuweza. Nilipandishwa punda, mimi mwanaume wa kwetu Tigania, miguu ikining'inia, na sikuwa hata na nguvu za kuona aibu.

Nesi alinibana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni mwilini, akasoma, akamwita daktari. Nikalazwa kifudifudi. Daktari alinieleza waziwazi: "Mitungi ya oksijeni tuliyo nayo ni michache, tunagawa. Boti ya kuleta mingine hatujui itafika lini. Jikaze."

Kikohozi kiliniumiza mbavu. Niliharisha kitandani nikafutwa kama mtoto. Nilikuwa navuta pumzi, haifiki popote. Kitanda cha pili alilala nahodha mmoja, mtu mpole, aliyekuwa akiniombea kwa sauti ndogo. Alifariki mchana. Walimfunika, na mtungi wake ukaletwa kwangu. Nililia, lakini niliutaka ule mtungi.

Mke wangu Kendi alikuwa Kianjai, barabara zimefungwa, hangeweza kuja. Alipiga simu.

"Baba Mwenda, usiongee. Gonga simu tu nijue uko."

Nikagonga kwa ukucha. Basi akaanza kunisimulia kwa Kimeru: ng'ombe amezaa, maharagwe yamechanua, mwanetu Mwenda amekataa kunyoa. Akinyamaza, nagonga ili aendelee. Nilikuwa na hofu kwamba akikata simu nitakufa.

Sikufa. Asubuhi moja nilihisi njaa, na nesi akanipa uji nikaumaliza. Barabara zilipofunguliwa nilirudi nyumbani nimekonda, nywele zikitoka kila nikichana. Majirani walinisalimia wakiwa ng'ambo ya ua, na sikuwalaumu.

Nilidhani nikifika kwetu yamekwisha. Miaka imepita, na bado kutoka langoni hadi mlangoni lazima nipumzike kwanza. Biashara ya kisiwani nilimwachia Muriuki. Watu huniambia nimeushinda ugonjwa. Nimechoka mno, siwezi kubishana nao.

Namshukuru Bi Zuhura, ambaye angeweza kunifungia mlango. Nawashukuru manesi wale. Nahodha yule silijui jina lake lote, ila namtaja kila ninapoomba. Nanyi mnaonisikia, mwili ukibadilika msiulaumu mzigo mnaouza wala kazi. Muulizeni mnayekaa naye, maana yeye anawaona. Na anayehema nyumbani kwenu, mpelekeni mapema, hata kwa punda.

Juzi nilichukua jembe nikajaribu kulima mstari mmoja. Kendi alinifuata shambani akaninyang'anya.

"Hiyo wacha. Nilikuombea kazi moja tu, upumue. Enda ukae."

Nikaenda nikakaa, nikapumua.