Aliapa kortini hana hata kuku, nikamkuta anatoa mahari ya ng'ombe watano

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee wa Garsen, shule niliiacha darasa la tatu, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Makosa ya herufi mtayaona. Uongo hamtauona.

Nilianza maisha kwa kubeba ngozi mgongoni. Leo nina shamba la ndizi kando ya mto Tana, na maji nilikuwa navuta kwa pampu ya jasho langu. Si ya msaada, si ya mheshimiwa.

Jirani yangu akaiiba, akaiuza.

Akakamatwa, akakiri. Hakimu akasema faini elfu ishirini au jela miezi sita, na mimi nilipwe fidia elfu sitini.

Faini ililipwa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri!

Mimi na ujinga wangu nikaenda dirishani kwa karani kuichukua. Si mimi ndiye niliyeibiwa?

Karani akacheka. "Mzee, faini ni ya serikali. Yako inaitwa fidia."

"Na hiyo fidia iko wapi?"

"Iko kwake."

Miaka miwili wakuu! Alilipa elfu tano mara moja, akanyamaza. Ndizi zikanikaukia na mto nauona pale chini unapita. Ya serikali hulipwa kwa kuogopa jela. Ya mzee hulipwa mtu akipenda.

Nikarudi kortini, akaitwa. Akashika msahafu akaapa hana hata kuku, eti wale ng'ombe anaochunga ni wa mjomba wake. Nikaambiwa nilete ushahidi kuwa ni wake.

Sasa nimhoji ng'ombe?

Ile karatasi ya hukumu nikaitia plastiki isichanike, nikawa natembea nayo mfukoni kama kitambulisho.

Hivi majuzi rafiki yangu, mnunuzi wa mbuzi, akanialika nikahi ya binti yake. Kufika, bwana harusi ni nani? Jirani! Kanzu mpya, manukato mpaka barabarani.

Nikaketi mkekani na wageni wengine. Sikwenda kwa fujo.

Shekhe akauliza mahari. Jirani akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi: "Ng'ombe watano, mitamba watupu, wangu mwenyewe!"

Nikasimama. "Shekhe, muulize tena ni wa nani."

Mjomba mtu alikuwa pale pale. Akaanza kuchunguza mkeka.

Mmoja akanifokea, "Mzee, keti! Hii si korti."

"Najua si korti. Kule alisema ni wa mjomba. Kama ni wa mjomba, binti wa watu anaolewa kwa mali ya kuazima. Kama ni wake, alikula yamini ya uongo na pampu yangu hajalipa. Achague!"

Nikampa shekhe karatasi asome, nikasema nimesahau miwani. (Sina miwani.)

Akaisoma yote kwa sauti, mpaka muhuri.

Baba wa binti hakupiga kelele. Alisema tu, "Nikahi itangoja. Mlipe mzee kwanza."

Wiki hiyo hiyo mitamba wawili waliuzwa soko la mifugo, nikahesabiwa elfu hamsini na tano mbele ya shekhe. Pampu mpya inanguruma sasa hivi ninapoandika. Nao walioana Jumamosi iliyofuata kwa watatu waliobaki, binti mwenyewe akaridhia. Mungu awape kheri.

Kinachonichoma ni hiki: watu wananisema mimi! Eti nimevunja heshima ya harusi. Aliyeshika msahafu akadanganya ana heshima zake, mwenye karatasi ya hakimu ndiye mkorofi!

Funzo langu: siku ya hukumu usitoke kortini unashangilia. Uliza faini ni ya nani, fidia ni ya nani, na nani atakayemfuata huyo mtu asipolipa. Mimi jibu la hilo la mwisho lilikuwa miguu yangu mwenyewe.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, hata wa kunitukana. Lakini kwanza nijibuni: nyinyi mngeketi?