Kadi Isiyotupika

Namshukuru Mola aliyenipa macho makali ya kuona makosa ya wenzangu, kisha kwa rehema Zake akanipa mke wa kunionyesha yangu. Sala na salamu zimfikie Mtume Wake, jamaa zake na sahaba zake.

Kosa hili lilianzia kwenye simu. Siku ya Idi ya Mfungo Tatu niliwatumia watu wangu wote picha ya mbuzi watatu waliovaa kofia, wakicheza ngoma. Nilibonyeza mara moja tu, nikajisifu kwamba nimeunga udugu hata kabla ya chai. Miongoni mwa niliowaunga alikuwamo dada yangu mkubwa, naye alikuwa bado yumo edani, amefiwa na mumewe.

Hakunijibu, na hata eda ilipokwisha hakukanyaga tena nyumbani kwangu Mji wa Kale. Nilimfuata Kizingo, kwa mwanawe, kumtaka radhi. Akaniandalia sahani nzuri za wageni, nami nikajua nimekwisha.

"Waambie mbuzi wako nimewasamehe," alisema. Kunihusu mimi hakutia neno.

Idi iliyofuata ilipokaribia, nikaazimia kumpelekea kadi ya mkono. Na kwa kuwa mja akitenda jema hupenda lionekane, nikaazimia kutengeneza thalathini, niwape na majirani na jamaa. Nilinunua karatasi ngumu, gundi na unga wa kumetameta. Picha nilizitafuta mtandaoni. Nilipita waridi, taa na miezi isiyo na idadi, mpaka nikaona jina la Mwenyezi Mungu kwa hati ya dhahabu. Machozi yalinilengalenga. Mke wangu alisema ni unga wa kumetameta umeniingia.

Nikaipeleka picha hiyo na karatasi zangu kwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la picha karibu na Mwembe Tayari, anichapishie.

"Maalim," akaniuliza, "jina tukufu hivi, watu wataliweka wapi?"

"Moyoni," nikamjibu.

Akawasha mashine.

Nilikata, nikagandisha, nikaandika dua ndani ya kila kadi. Siku ya Idi nilizigawa mwenyewe baada ya sala. Ya dada nikampa mwanawe ampelekee. Nilirudi nyumbani nikingoja kusifiwa.

Siku ya tatu, jirani alinirudishia yake, ameishika kwa mikono miwili. Hawezi kuitupa, alisema, kwa jina lililomo. Na ukutani kwake panavuja maji. Mwingine alisema kila akitaka kuisogeza apange meza lazima kwanza atie udhu. Wa tatu alikuwa ameiweka juu ya kabati, na tangu hapo anaona vibaya kulala na miguu imeelekea huko. Kufika Ijumaa nilikuwa na kadi kumi na moja, na mimi ndiye niliyesomesha watu miaka yote kwamba karatasi yenye jina la Mola haitupwi jaani.

"Wanafunzi wako wameelewa somo," mke wangu akasema.

Jumamosi mlango ukabishwa kwa nguvu. Nikadhani ni kadi ya kumi na mbili, na kweli ilikuwa hiyo. Aliyeishika alikuwa dada yangu.

"Huna haya wewe!" alisema, hata salamu hakutoa. "Mbuzi wako niliwafuta kwa kidole kimoja. Hii nitaifutaje? Siku saba nazunguka nayo nyumba nzima kama mtoto mchanga!"

"Dada, ungempa mwanao ailete."

"Mwanangu aliiweka garini, chini ya kiti. Chini ya kiti! Nikaona niilete mwenyewe kabla hajatutia sote motoni."

Nilinyoosha mkono niipokee. Hakunipa.

"Una udhu?"

Sikuwa nao. Nikaenda kutawadha, na nakiri mbele ya Mola wangu kuwa sijapata kutawadha polepole vile. Niliporudi, dada alikuwa ameketi jikoni na mke wangu, amevua buibui, anamkemea kwa kutia iliki nyingi kwenye mahamri, na mkononi ana la pili. Alikuwa ameegemeza kadi yake kwenye rafu ya juu, akanitazama.

"Iache hapo hapo," akasema. "Nitakuwa nikija kuitazama."

Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu akujaze subira, na yule unayemngoja akufikishie mlangoni, hata kama atakuja amekasirika. Amin.