Siku Khuyen Aliyoshuka Hue

Kwa miaka ishirini na saba Khuyen aliwaeleza watu namna ya kuutembea mji wa Hue, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka mlango wa stesheni yake.

Alikuwa mhudumu wa behewa kwenye treni ya Hanoi na Saigon. Kazi yake ilikuwa kukagua tiketi, kugawa mashuka, kusukuma toroli la chai na uji, na kuwaamsha abiria kabla hawajapitilizwa vituo vyao. Treni iliposimama Hue alisimama kwenye ngazi ya chini ya behewa lake, mkono mmoja kwenye chuma, kwa kuwa mhudumu haiachi ngazi. Mji ulikuwa nyuma ya jengo la rangi ya waridi. Aliujua kwa masikio. Waliopanda hapo walisimulia walichokiona, waliokuwa wakienda waliuliza wakaone nini, naye alichokisikia kwa hawa akawapa wale.

"Siku moja inatosha," alikuwa akiwaambia. "Asubuhi anzeni na pagoda ya Thien Mu, kabla watu hawajajaa. Kengele kubwa iko kushoto kwa mnara, kobe wa jiwe yuko kulia. Halafu ngome ya wafalme. Halafu kaburi la mfalme Tu Duc, lile lenye ziwa."

Abiria waliandika. Mwalimu mmoja mstaafu alimwuliza kama ni mzaliwa wa Hue. Khuyen alijibu kwamba yeye ni mtu wa Nam Dinh, kisha akaenda kumwaga maji ya chai.

Aliyeujua ukweli ni Thoa. Thoa aliuza, hapo jukwaani Hue, kashata za ufuta na banh loc, vibonge vya unga wa muhogo vyenye kamba ndani, vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Mwanzoni alimwuzia Khuyen kama alivyomwuzia mtu yeyote. Baadaye akawa anamwekea fungu lake pembeni. Mwishowe wakawa marafiki, na urafiki wote huo ulifanyika kwenye ngazi ya behewa, kwa dakika zile chache za kila safari. Hapo ndipo Thoa aliposema kwamba mumewe amezikwa. Hapo ndipo Khuyen, binti yake alipoolewa, alipoletewa kashata za harusi, kapu zima, likarushwa ndani treni ikiwa imeshaanza kusogea. Na kila honi ilipolia, Thoa alikuwa na neno lake:

"Siku moja utashuka, dada. Tutakula, tutalala mchana, tukiamka tutakula tena."

"Safari ijayo," Khuyen alijibu, akipanda.

Alipostaafu alirudi Nam Dinh kumlea mjukuu, maana binti yake alikuwa kiwandani akishona nguo kuanzia asubuhi hadi jioni. Walipigiana simu, yeye na Thoa, lakini simu haikuwafaa sana. Walizoea kuongea huku wakiharakishwa. Kwenye simu isiyo na honi waliishia kuulizana habari za mvua.

Kisha, mwezi mmoja baada ya mwaka mpya wa Tet, Thoa alipiga akiwa na habari. Mwanawe aliyekuwa na shamba la kahawa Dak Lak, kule milimani, alikuwa anamchukua akaishi naye. Nyumba ya Hue ilikuwa imeshapata mnunuzi.

"Basi ile safari ijayo ndiyo hii," Thoa alisema. "Mwisho wa mwezi huu nitakuwa mtu wa kahawa. Ukitaka kununua banh loc zangu, njoo."

Binti yake Khuyen aliomba ruhusa kiwandani. Alipewa siku chache, na ukitoa usiku wa kwenda na usiku wa kurudi, mama yake alibakiwa na mchana mmoja wa Hue.

Thoa alitaka kuja kumpokea stesheni. Khuyen alikataa.

"Usije. Nataka nishuke mwenyewe, kama abiria. Nitaona vitu viwili vitatu, saa tano niko kwako tule."

"Vitu gani?"

"Vile ninavyowaambia watu."

"Lo! Vimekaa hapo tangu enzi za wafalme, leo ndiyo vitakimbia?"

"Vyenyewe havikimbii. Mimi ndiye ninayeondoka jioni."

Thoa alicheka. Akamwambia nyumba iko Kim Long, kichochoro cha pili baada ya duka la vifaa vya pikipiki, barabara hiyohiyo ya kwendea pagoda.

Khuyen alishuka Hue asubuhi, kwenye mvua ya rasharasha isiyokatika, ile ambayo watu wa huko hawaiiti hata mvua. Alivuka mlango wa stesheni. Hakusimama kuutazama mji. Alimwita mtu wa bodaboda, mwanamume wa makamo mwenye koti la plastiki, akamtajia safari nzima kwa mfululizo kama anayetangaza vituo.

"Mama," yule dereva aliuliza, "unatalii au unafukuzwa?"

"Endesha."

Kengele ya Thien Mu ilikuwa kushoto kwa mnara. Kobe alikuwa kulia. Khuyen alivitazama vyote viwili, akaridhika kama mwanafunzi aliyekuta jibu lake limewekewa alama ya vema, akarudi kwenye pikipiki. Ngomeni alikuta lango lina milango mitano, kama alivyokuwa akisema. Alitembea kutoka ua hadi ua, akihakikisha. Hakuwa amemdanganya mtu, na jambo hilo lilimfurahisha zaidi kuliko majengo yenyewe.

Simu ililia akiwa bado ndani ya ngome. Saa tano ilikuwa imepita.

"Uko wapi?" aliuliza Thoa.

"Njiani."

Ilikuwa kweli kwa namna fulani. Alikuwa njiani kwenda kwenye kaburi la mfalme, nje ya mji, upande mwingine kabisa. Alijiambia kwamba akirudi Nam Dinh bila kuliona lile ziwa, hatalipata tena, ila chakula kinaweza kupashwa moto. Simu ikalia tena akiwa kwenye foleni ya tiketi, na nyuma yake mwongozaji mmoja alikuwa akiwakusanya watu wake kwa kipaza sauti.

"Njia gani hiyo," Thoa aliuliza, "yenye kipaza sauti?"

"Nakuja, nakuja."

"Haya."

Baada ya hapo simu haikulia tena. Khuyen aliuchukua ukimya ule kuwa ni ruhusa. Ziwa lilikuwapo. Alikaa kwenye kibanda cha mbao juu ya maji, mahali ambapo, kwa maelezo yake mwenyewe kwa abiria wasiohesabika, mfalme alikuwa akitunga mashairi. Alikaa hadi dereva akaja kumtafuta.

Alifika Kim Long saa tisa alasiri.

Nyumba ilikuwa ya chini, ya vigae, na nusu ya vitu vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Mezani palikuwa na kawa kubwa, na chini yake wali wa kome, saladi ya matunda ya mtini, samaki wa kukaanga, na banh loc ambazo majani yake yalikuwa yameanza kukauka. Sakafuni kando ya dirisha palitandikwa mkeka mpya ambao bado ulikuwa na alama za kukunjwa. Juu yake palikuwa na mito miwili. Feni ilikuwa imewashwa, inaupuliza mkeka mtupu.

"Wenzangu wa stesheni walikuja," Thoa alisema, akifunua kawa. "Niliwaambia leo bibi wa treni anashuka. Wamekungoja, wamekula fungu lao, wameenda kuuza. Mmoja wao, Dam, amesema hajaamini kama una miguu. Miaka yote anakuona umesimama tu."

"Nisamehe, Thoa. Foleni ilikuwa ndefu."

"Kula kwanza. Nilikupungia mkono asubuhi."

"Wapi?"

"Hapo mdomoni mwa kichochoro. Nimesimama na koti langu la mvua la bluu, nikakuona unakuja, umemkumbatia mwanamume wa watu kama bibi harusi. Nikaita, dada! dada! Ukapita kama treni ya mizigo. Nikasema, si kitu, atarudi kwa njia hiihii. Ukarudi. Ukapita tena."

Alikuwa anacheka alipokuwa akisimulia. Khuyen alikumbuka. Alikumbuka koti la bluu na mkono uliopanda juu, na alikumbuka alichofanya. Alidhani ni mwanamke anayeuza kitu barabarani, akamtikisia kichwa kwamba hataki. Hilo hakulisema.

Alikula. Alikula kama alivyokula kazini, baina ya kituo na kituo, bakuli karibu na mdomo. Wali ulikwisha kabla Thoa hajamaliza kumpakulia samaki.

"Polepole, dada. Mbele hakuna kituo."

Khuyen aliweka vijiti chini. Hakujua mikono aiweke wapi. Walikuwa wamekaa kwenye viti, wanatazamana usoni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Siku zote mmoja alikuwa ameinama na mwingine ameinua kichwa. Thoa akamwuliza kaburi la mfalme likoje. Khuyen akamweleza kuhusu ziwa, kibanda, misonobari. Alikuwa amefika mbali ndipo alipogundua kwamba anamsimulia Hue mtu wa Hue.

"Endelea," alisema Thoa. "Mimi sijawahi kufika huko. Ningekwenda, banh loc nani angeniuzia?"

Walikula supu tamu ya mbegu za yungiyungi. Kisha Thoa akauonyesha mkeka kwa kidevu.

"Jinyooshe kidogo. Nina neno nataka tuongee, lakini ni neno la kuongea watu wakiwa wamelala chali."

Khuyen alitazama saa ya ukutani. Treni ilikuwa ya jioni, na stesheni haikuwa mbali. Ng'ambo ya mto tu. Muda ulikuwepo. Lakini mtu aliyeishi kwa kuamsha wengine haamini usingizi wake mwenyewe.

"Nikilala nitapitiliza."

"Nitakuamsha."

"Na wewe ukilala je?"

"Basi tutapitiliza wote," Thoa alisema. "Kutatokea nini?"

Khuyen alicheka, akainuka, akakusanya vyombo. Alisema afadhali aoshe hivi kwanza. Aliviosha vyote, pamoja na sufuria. Alipomaliza, Thoa alikuwa ameshazima feni na kuukunja mkeka.

Walifika stesheni mapema mno. Treni ilipoingia, Khuyen alilitafuta behewa lake, akapanda, akaweka mfuko, akarudi mlangoni. Vioo vya siku hizi havifunguki. Alisimama kwenye ngazi, Thoa akasimama chini jukwaani na kofia yake ya majani. Na hapo, bila mmoja wao kutafuta neno la kuanzia, maneno yakaja.

"Sitaki kwenda Dak Lak," alisema Thoa.

"Nini?"

"Sitaki. Yule mkwe wangu ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini jiko ni lake. Nitakuwa mgeni wa jiko la mtu mpaka nife. Mnunuzi hajamaliza kulipa, bado naweza kusema hapana. Mwanangu atakasirika. Wewe umemlea mjukuu miaka miwili kwenye nyumba ya binti yako. Niambie, dada. Watu wanazoea?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la mkekani. Khuyen alikuwa na jibu lake, lakini lilikuwa refu. Lilihusu kitanda chake kilichowekwa kwenye chumba cha mtoto, na jinsi binti yake anavyopanga upya vyombo alivyovipanga yeye, na pia jinsi mtoto anavyomkimbilia asubuhi. Ndani yake mlikuwa na ndiyo na hapana, na lilihitaji alasiri nzima.

"Kuna siku unazoea," alisema. "Kuna siku..."

Honi ikalia.

"Mama, ingia ndani, tunafunga mlango," alisema mhudumu wa behewa, msichana mwenye kofia mpya.

Khuyen angeweza kushuka. Mfuko ulikuwa na nguo moja ya kulalia na kashata; hata ukiachwa uende peke yake, hasara si kubwa. Binti yake angegomba, kiwanda kingekata siku moja ya mshahara. Hayo yote aliyafikiri baadaye, treni ilipokuwa imeshapita Dong Ha. Pale mlangoni alifanya kile ambacho mwili wake ulifanya kila honi ilipolia. Alipanda ngazi moja, akashika chuma.

"Nitakupigia!" alisema.

Thoa aliinua mkono, ule ule wa asubuhi.

Alimpigia kweli, kabla ya Vinh. Thoa alisema, achana nayo, maneno ya stesheni hayo, mtu akiona treni husema lolote. Akamwuliza kama mvua inanyesha huko. Mwisho wa mwezi mwanawe alikuja na lori.

Majirani wa Nam Dinh walipomwuliza habari za Hue, Khuyen aliwaambia siku moja inatosha. Kwa binti yake peke yake alisema jambo jingine: kwamba alipewa siku nzima, akarudi na dakika zilezile za zamani.

Thoa bado hupiga, jioni, kazi za kahawa zikiisha. Anasema kule ni baridi, wajukuu wana adabu, na kibanda cha kufanyia banh loc ameahidiwa ila hakijajengwa. Mara ya mwisho alisema mkeka ameuchukua, uko juu ya kabati, mito pia.

"Uje, dada. Ila huku reli haifiki."

"Nitakuja kwa basi."

"Lini?"

"Safari ijayo," alisema Khuyen, na neno lilikuwa limeshatoka kabla hajalisikia.

Zamani, kwa neno hilo, Thoa angecheka. Safari hii alimwuliza kama Nam Dinh mvua imenyesha.