Kulthum, fundi anayepima mapigo ya kamera

Saa tatu asubuhi, duka la vifaa vya umeme la mzee Darwesh mjini Bagamoyo limeshachangamka. Mbele, wateja wanaulizia balbu na waya. Nyuma, katika chumba kilichotengwa na duka kwa pazia la kitenge, binti yake Kulthum amepiga magoti sakafuni mbele ya simu yake mwenyewe.

Simu imeegemezwa kwenye birika, na juu ya kioo chake sekunde zinakimbia. Inayoitazama ni kamera ndogo kama ukucha wa kidole gumba, iliyounganishwa kwa utepe na bodi ya kompyuta inayoenea kiganjani. Kulthum anaiamuru kamera izipige picha zile sekunde, kisha anazihesabu picha moja moja kwenye kompyuta yake. Midomo inamcheza kama ya mtu anayevuta uradi.

"Ishirini na nne," anasema kwa sauti ya chini. "Zinatakiwa thelathini kwa kila sekunde. Zimekuja tena ishirini na nne."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari mbaya. Kulthum anakaa chini, anaegemeza mgongo ukutani na kufumba macho kwa faraja. Amekuwa akiutafuta ugonjwa huu kwa siku kadhaa, na sasa ameukuta ulipojificha. Kamera ni nzima, ila inakwenda pole pole, na yenyewe haijui.

Kulthum ana umri wa miaka ishirini na tisa na kazi yake ni kuandika draiva, yaani ile programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na kifaa. Alisomea chuoni Dar es Salaam, akafanya kazi huko kwa muda, na mkataba ulipokwisha akarudi nyumbani kwenye duka la baba yake.

"Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia mimi ni fundi wa kompyuta," anasema. "Kesho yake wananiletea printa."

Kipato chake hakitabiriki. Ipo miezi ambayo kampuni za Dar humpa kazi ya kumtosha, na ipo mingine anaishi kwa kuuza soketi dukani. Msimu uliopita, wakulima wa kijiji cha Fukayosi walimlipa kwa magunia ya mahindi, na mama yake akayapokea bila kuuliza neno.

Wakulima hao ndio wenye kamera. Mashamba yao yanapakana na vichaka, na mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori huyavamia na kulaza mistari mizima. Dawa ya zamani ni kulala shambani juu ya dungu, lile jukwaa la miti linaloezekwa kwa nyasi, na kupiga debe kila wanaposikia mchakacho.

Sharifu, mkulima mwenye watoto watatu, alilala dunguni miaka mingi. Mwaka juzi alishuka kumfukuza nguruwe, naye akamgeukia na kumchana paja. Tangu hapo hawezi kupanda ngazi. Mkewe, Habiba, ndiye aliyechukua nafasi yake, akawa anawaacha watoto na baba yao kila jioni.

"Sikuwa naogopa nguruwe," anasema Habiba. "Nilikuwa naogopa nikiwa juu kule, mtoto aamke na homa na baba yake hawezi kukimbia."

Ndipo kikundi chao kikamwendea Kulthum. Aliwaundia kamera zinazotumia sola, zenye taa isiyoonekana kwa macho. Mnyama akikaribia, kihisi kinaliona joto la mwili wake, kamera inaamshwa, na mfumo ukitambua kuwa ni nguruwe king'ora kinalia. Msimu wa kwanza zilifanya kazi vizuri. Habiba akashuka dunguni.

Msimu huu, mvua iliingia katika kisanduku cha kamera ya shamba lake. Ikapelekwa dukani Bagamoyo, ikatengenezwa, ikarudishwa ikiwa inawaka kama kawaida. Wiki chache baadaye nguruwe waliingia, wakala mpaka wakashiba, na king'ora hakikulia. Asubuhi Kulthum alipozitazama picha, alikuta zimekatika. Nusu ya juu ilionyesha majani ya mahindi, nusu ya chini ilikuwa ya kijivu kama majivu. Nguruwe alikuwa kwenye hiyo nusu ya chini.

Jioni ile ile Habiba akapanda tena dunguni. Mwenyekiti wa kikundi, Bi. Mina, akatoa kauli kwamba kama mambo hayatatengemaa kabla ya mkutano wa Jumamosi, kamera zote zitashushwa na kila familia itarudi kulinda yenyewe.

Leo ni Ijumaa. Kulthum anainua pazia na kumwita mdogo wake, Qais, ambaye hutengeneza simu kwenye meza ya mbele.

"Ile kamera iliyoingia maji, nani aliitengeneza?"

"Mimi. Wewe ulikuwa Dar, dada. Ilikuwa imekufa, nikaifufua."

"Uliifufuaje?"

"Kristali yake iliota kutu. Nikaweka ya simu mbovu. Imekaa sawasawa, hata ukitazama hujui kama si ya kwake."

"Hiyo ndiyo shida, Qais. Hata mimi sikujua."

"Lakini si iliwaka?"

"Iliwaka kwa mwendo wa simu."

Qais analo kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vilivyochomolewa kwenye simu zilizokufa. Ndivyo mafundi simu wengi wanavyoishi. Kipande kikitoshea na chombo kikiwaka, mteja anarudishiwa mali yake. Kwa spika au kitufe hakuna neno. Kristali ni jambo jingine, kwa kuwa ni kipande kinachotetemeka kwa mwendo usiobadilika, na ndicho kinachoipigia kamera mapigo.

"Kamera haijui sekunde ina urefu gani," anaeleza Kulthum. "Ni kama mchezaji na mpiga ngoma. Mpigaji akipunguza mwendo, mchezaji naye anapunguza, na moyoni anajiona yuko sawa. Anayeshangaa ni aliye pembeni."

Kristali ya awali ilipiga mara milioni ishirini na nne kwa sekunde. Ile ya simu hupiga milioni kumi na tisa na kidogo. Kompyuta ilikuwa ikizisubiri picha kwa mwendo wa ngoma ya kwanza huku kamera ikizituma kwa mwendo wa ngoma ya pili, na njiani picha zikawa zinakatika.

Draiva haikuweza kushtuka. Kila inapotaka kuiamsha kamera, huuliza mfumo mapigo ni kiasi gani, na mfumo hujibu kile ulichoandikiwa siku ya kwanza.

"Draiva ni mtu wa utaratibu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Kwanza inawasha umeme, halafu mapigo, inasubiri kidogo yatulie, ndipo inaiambia kamera amka. Picha zikishapigwa inayazima mapigo, maana ukiyaacha yanakula betri bure. Yote hayo ilikuwa inayafanya vizuri. Ila iliambiwa uongo na ikauamini."

Qais anasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sasa utanisema kwa baba?"

"Baba anasikia. Yuko hapo nyuma ya pazia."

Mzee Darwesh, kutoka upande wa pili, anakohoa. "Muuzieni kwanza huyu bwana holda ya balbu, halafu mtagombana."

Kristali kama ile ya awali haipatikani Bagamoyo, na ikiagizwa haitawahi mkutano. Kulthum anaamua kuiacha ya simu hapo ilipo. Anauandikia mfumo namba ya kweli, kisha anaanza kupiga hesabu upya za kila kinachotegemea mapigo: kasi ya kutuma picha, muda wa jicho la kamera kukaa wazi, hata ule muda wa kusubiri. Anasimama kwa ajili ya sala na kwa sahani ya wali anayoletewa na mama yake. Alasiri, picha ya birika inatokea kwenye kompyuta ikiwa nzima, kutoka kifuniko hadi kitako.

Jumamosi anapakiwa na Qais kwenye pikipiki, kamera ikiwa imefungwa ndani ya kanga mapajani. Hakumwomba ampeleke. Qais mwenyewe alikuwa amekwishajaza mafuta.

Fukayosi, wanakikundi wameketi kwenye viti na mikeka nje ya nyumba ya Bi. Mina, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito.

"Shikamoo, Bi. Mina."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mlinzi wako ameamka au bado amelala?"

"Ameamka, bibi."

"Maana mlinzi wa mshahara angekuwa amefukuzwa zamani. Wako tunambembeleza, tunamtafutia na jua la kula."

Wanacheka, na Kulthum naye anacheka, ingawa vidole vyake havitulii kwenye pindo la kanga. Anawaeleza kilichotokea bila kuficha, mpaka ile kristali ya simu. Qais anatazama ardhi.

Kamera inarudishwa mtini kando ya shamba la Habiba. Ili ijaribiwe, anatakiwa mtu wa kupita kwa magoti na mikono katikati ya mahindi, chini chini, kama anavyopita mnyama mwenyewe. Kulthum amewahi kuujaribu mfumo kwa namna hiyo. Haubagui mavazi, unaangalia umbo na mwendo.

"Haya, nani atakuwa nguruwe?" anauliza Bi. Mina.

Wanaume wanatazamana.

"Mimi ningekubali kuwa ngedere," anasema Mikdad, kijana mwenye shamba la jirani. "Hilo jina jingine, mke wangu akilisikia hanipikii."

"Kuwa nguruwe kidogo tu, mpaka pale kwenye kisiki."

"Hata kidogo, Bi. Mina."

"Basi awe aliyeleta kristali ya simu," anasema Sharifu kutoka kwenye kiti chake, mguu umenyooka mbele yake. Macho yote yanamgeukia Qais.

Qais anakunja suruali mpaka magotini, anavua saa na kumkabidhi dada yake, kisha anaingia shambani kwa miguu minne. Majani yanachakacha. Kabla hajafika kwenye kisiki, king'ora kinalia kwa nguvu mpaka kuku wanatawanyika uani. Wanawake wanashika mbavu. Qais anajitokeza na majani kichwani.

"Nimesamehewa?"

"Bado," anasema Bi. Mina, akifuta machozi ya kicheko. "Ila umeanza vizuri."

Mtu mmoja hakucheka. Habiba amesimama karibu na dungu, ameishika ngazi kwa mkono mmoja.

"Mchana kila mtu anaona," anasema. "Na ile siku ilipotutupa, jioni yake ilikuwa inawaka vizuri vile vile. Fundi, wewe unaiamini?"

Kulthum anafikiri kwanza. "Naiamini, dada Habiba."

"Basi leo usirudi Bagamoyo. Lala kwangu. Mimi nisipande, wewe usiondoke. Kama mahindi yanaliwa, yaliwe wote tukiwa tumelala."

Kulthum si mtu wa kulala kwenye nyumba za watu. Anajitenga kando na kumpigia mama yake, anazungumza kwa muda mrefu huku akichora chora ardhi kwa ncha ya kiatu. Anaporudi, anasema tu, "Mama anakusalimu. Anasema nisiwatie hasara ya chakula."

Usiku ule, kwa maelezo yao wote wawili, hakuna aliyelala sawasawa. King'ora hakikulia, na kutolia kwake ndiko kulikowanyima usingizi. Huenda nguruwe hawakuja. Huenda walikuja.

Baada ya sala ya alfajiri, mwanga ulipotosha kuona ardhi, wanawake hao wawili walitoka kwenda shambani. Habiba alizunguka mpaka wote ameinama, akitafuta nyayo. Hakuna bua lililolazwa. Hata hivyo alimgeukia Kulthum, maana shamba kuwa zima hakukutosha kumwambia kama kamera ilikuwa macho.

Kulthum aliifungua kamera. Ilikuwa imeamka mara kadhaa usiku. Kulikuwa na picha ya sungura akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya kicheche akipita na shughuli zake, na ya bundi mabawa yakiwa wazi. Zote zilikuwa nzima, kutoka juu mpaka chini. Mfumo ulimtazama kila mmoja, ukaona si nguruwe, ukamwacha aende.

Habiba alizitazama kwa muda mrefu, akarudia ile ya bundi.

"Kumbe ilikuwa inaona," alisema. "Ilinyamaza kwa kuwa imeona."

Kulthum sasa ana mpango wa kuongeza kitu kwenye draiva. Kila jioni, kabla ya giza, kamera itapiga picha za sekunde chache na kuzihesabu kwa kulinganisha na saa ya bodi. Zikipungua au zikizidi, itapiga mlio mfupi wa kuomba msaada, badala ya kujiona iko sawa. Wakulima wa Miono nao wamemtumia ujumbe wakitaka kamera kama hizo. Amewaambia wasubiri kwanza akamilishe hesabu hiyo.

"Sitaki kumpa mtu kitu cha kumlazimisha akae macho akikilinda," anasema. "Nataka wafike mahali pa kuisahau. Dada Habiba alale mpaka watoto wamwamshe."

Kabla Qais hajafika kumchukua, Habiba alipanda dunguni. Aliteremsha mkeka, akateremsha na chandarua, akavikung'uta na kuvitupia begani.

"Na dungu lenyewe tulibomoe?" aliuliza Sharifu, akimngoja chini kwa fimbo yake.

"Liache," alisema mkewe. "Mahindi hayajakauka. Ila mimi nalala nyumbani."