Mrusha Nyundo Anayetafuta Jimbo

Siku ya mahafali joho la Marit Skaar lilipasuka mgongoni kabla hajapanda jukwaani. Alikuwa ameinua mikono kunikumbatia, tukasikia kitambaa kinaachia. Nikalibana kwa pini, akapanda hivyo hivyo huku anacheka, akamshika mkono mkuu wa chuo mpaka yule mzee akakunja uso. Marit hajui kushika mtu taratibu.

Tulikuwa tumeishi chumba kimoja pale chuoni Wisconsin, mimi nikirusha kisahani, yeye nyundo. Ile nyundo yenyewe haina hata sura ya nyundo. Ni tufe la chuma la kilo nne, lina waya na mshikio, na unazunguka nalo ndani ya duara la saruji kama mtu aliyepagawa, halafu unaliachia liende. Mimi nilikuwa nimeshajijua. Kisahani changu kilikuwa kimefika mwisho wake, na nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha michezo shule ya msingi. Marit bado alikuwa anapanda. Kila msimu nyundo yake iliangukia mbele ya alama ya msimu uliopita.

Kampuni moja ya viatu ilimpa mkataba wa dola elfu kumi na nane kwa mwaka. Kwa mchezaji wa kikapu hiyo ni hela ya kumlisha mbwa. Kwa mrusha nyundo ni bahati kubwa, ila ina masharti: akishuka chini ya kumi bora wa taifa, kampuni ina haki ya kumpunguzia. Makocha wawili walimwita, mmoja Oregon, mwingine Texas. Ilibidi achague mahali pa kuishi.

Mjadala ulifanyika Ijumaa moja jikoni kwao, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Mama yake alikuwa zamu hospitalini. Baba yake, mzee Verlin, alikuwa anakaanga samaki, na binamu yake Boyd, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amekaa mezani anatafuna jibini na kutoa hukumu.

"Oregon watakunyonya mpaka uboho," Boyd alisema. "Jimbo peke yake linakata karibu asilimia tisa. Nenda Texas, binamu. Texas hakuna kodi."

"Kodi ipi?" mzee Verlin akauliza bila kugeuka. "Ya nyumba au ya jimbo?"

"Ya jimbo, mjomba."

"Na ya nyumba?"

"Aa, hiyo ipo popote. Labda alale na ng'ombe."

"Ng'ombe wangu hawataki mpangaji anayekoroma."

Marit akamrushia baba yake kitambaa cha mezani. "Mimi sikoromi!"

"Renae," mzee akaniita mimi, "wewe umelala naye chumba kimoja miaka yote. Anakoroma, hakoromi?"

"Mzee, nilidhani ni trekta," nikasema, na jiko zima likacheka.

Kicheko kilipopoa, Marit alikuwa ameshaamua. Asilimia sifuri ni neno tamu kwa mtu wa miaka ishirini na mbili. Akapakia nyundo zake na magodoro mawili kwenye gari lake kuukuu, akaelekea kusini.

Kocha wa Texas alikuwa mtu mzuri, sina neno juu yake. Kilichomshinda Marit ni vitu vinavyomzunguka mrushaji akishatoka kwenye duara. Chumba, tena cha kuchangia nyumba na wasichana wengine pembezoni mwa Austin, kilikuwa dola elfu moja na mia moja kwa mwezi. Bima ya gari ilipanda maradufu. Kiyoyozi hakikuzimwa tangu Mei mpaka Oktoba, na bili ya umeme ikaja kama mgeni asiyeaga. Akatafuta kazi kwenye ghala la chakula cha mifugo, kupakia magunia kwenye malori ya wateja. Wenye ghala walimpenda, maana alikuwa anabeba gunia kila bega. Jioni akifika uwanjani alikuwa ameshatumia nguvu zote ambazo nyundo ilizihitaji.

Kocha akamwambia, "Marit, unaniletea mwili uliokwisha fanya kazi ya mtu mwingine."

Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Mwanzoni alikuwa anasifia jua. Baadaye akaacha kusifia kitu chochote. Mara moja akanipigia kutoka California, alikokwenda kushindana. Alikuwa ameshika nafasi ya tatu, zawadi dola elfu mbili.

"Renae, mbona wamenikata? Asilimia saba imeondoka kabla sijaishika! Si mimi naishi Texas?"

"Nyundo imeangukia wapi?"

"California."

"Basi imeangukia California, shoga yangu. Wanakata walipoiokota."

Alicheka, lakini si kicheko chake. Na hilo lilikuwa dogo. Aprili alienda maktaba ya mji, mahali ambapo watu wa kujitolea huwasaidia wengine kujaza hesabu za kodi bure. Mama mmoja mwenye miwani akapitia karatasi za kampuni ya viatu, akamuuliza ameweka kando kiasi gani.

"Kando ya nini?" Marit akauliza. "Texas hakuna kodi."

"Ya jimbo haipo, mwanangu. Ya taifa ipo palepale. Na hawa wa viatu hawajakuajiri. Hawajakukata hata senti. Kwa serikali wewe ni kama duka, na mwenye duka anajilipia yote mwenyewe."

Alitakiwa kulipa dola elfu tatu na ushee. Benki alikuwa na mia mbili na kitu.

Alinipigia akiwa kwenye maegesho ya maktaba. Hakulia. Aliongea polepole sana, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine. "Nilihamia huku kukimbia kodi," alisema, "na hiyo niliyoikimbia ni ndogo kuliko hii. Mimi ni mjinga kiasi gani, Renae?"

"Kiasi cha watu wote tuliokuwa jikoni siku ile," nikamwambia. "Sote tuliitikia."

Mzee Verlin aliposikia, akataka kuuza mtamba wake mmoja mzuri. Marit akamkatalia kwenye simu. "Baba, ukiuza ng'ombe kwa ajili yangu sitaweka jibini mdomoni tena. Niache nilipe mwenyewe." Akaomba mamlaka ya kodi wamruhusu kulipa kidogo kidogo kila mwezi, wakakubali. Lakini kila mwezi sasa ulikuwa na mdomo mwingine wa kulisha. Akaongeza zamu ghalani. Nyundo ikaanza kuanguka nyuma ya alama za chuoni. Msimu ulipoisha alikuwa wa kumi na nne, na kampuni ikamwandikia kwamba mwaka unaofuata atapata nusu.

Nilidhani atarudi nyumbani. Nilikuwa hata nimeshaanza kumuulizia kazi shuleni kwetu.

Badala yake Marit alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria mwanzo. Alianza kuwapigia simu warushaji wenzake, mmoja baada ya mwingine, kila alipokuwa mapumzikoni, amekaa juu ya magunia anakula mkate. Hakuwauliza kuhusu asilimia. Aliwauliza wanalala kwa saa ngapi. Chumba bei gani, duara liko mbali kiasi gani na kitanda, kazi gani inawaweka mjini, nani anawatazama wakirusha. Msichana wa Colorado alimwambia analala kwenye gari, na alisema kwa fahari. Mvulana wa Oregon alisema kodi ya jimbo inamuuma kweli, ila dukani halipi kodi ya mauzo, na anaishi kwa shangazi yake, kwa hiyo yeye hajui chochote kuhusu maisha.

Halafu akampata Shondra Beasley, mrusha tufe mzaliwa wa Mississippi, aliyekuwa anafanya mazoezi kwenye kimji kimoja cha Iowa ambacho hata Boyd alikuwa hajawahi kukisikia.

"Kodi ya jimbo huko vipi?" Marit akamuuliza, kwa mazoea tu.

"Ipo. Karibu asilimia nne. Siioni hata ikiondoka," Shondra akasema. "Chumba changu ni mia nne, umeme ndani."

"Mia nne kwa wiki?"

"Kwa mwezi, wewe! Unaishi wapi, ikulu?"

Marit akapiga hesabu kichwani pale juu ya magunia. Akaona kuwa kodi ya jimbo atakayolipa Iowa mwaka mzima haifikii tofauti ya kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima huku ameivaa.

Akaenda kuangalia kwanza. Safari hii hakutaka kuhama kwa neno la mtu tu. Kocha alikuwa mama mmoja mstaafu, Alma Vander Zee, mwalimu wa hesabu wa zamani, mwembamba kama ufagio, aliyewahi kurusha kisahani enzi za ujana wake. Mumewe alipofariki, aliuza mashine za shamba, akamwaga duara la saruji nyuma ya ghala la mahindi na kusimamisha wavu wa kukinga watu. Marit alimkuta anaburuta nyasi kwa reki.

"Wewe ndiye wa Texas?"

"Wa Wisconsin, mama. Texas nilipita."

"Ulipita ukaacha nini?"

"Mita nne, mama. Na pesa."

Mama Alma akamtazama juu mpaka chini. "Pesa sina za kukurudishia. Mita tutazitafuta. Na nisikufiche, kodi hapa ipo, baridi ipo, na usipopenda kuangaliwa na watu kanisani usije, maana mji mzima utajua ulirusha wapi Jumamosi. Haya, nionyeshe unavyozunguka. Bila nyundo."

Marit akazunguka mikono mitupu kwenye lile duara. Mama Alma akamsimamisha. "Mgongo umechoka, mwanangu. Unabeba nini huko?"

"Magunia."

"Acha magunia."

Ni hapo ndipo alipolia, aliniambia, mbele ya mwanamke ambaye alikuwa amemfahamu kwa dakika chache. Mama Alma hakumkumbatia. Alimpa reki akamwambia amalizie zile nyasi, naye akaingia ndani kupasha supu.

Boyd alimhamisha kwa lori lake, bure, huku anamsimanga njia nzima. "Binamu yangu amekimbia jimbo lisilo na kodi anaenda kuishi na mahindi! Nitawaambia nini wenzangu barabarani?"

"Waambie mahindi hayadai elfu moja na mia moja kila mwezi."

"Na ukiboreka?"

"Nitalala, Boyd. Unajua lini mara ya mwisho nililala saa nane mfululizo?"

Boyd akabadilisha gia. Ananiambia mpaka leo kwamba ndipo alipoanza kuelewa.

Shule ya sekondari ya mji ikampa Marit kazi ya asubuhi, kusimamia chumba cha vyuma na kuwafundisha vijana kunyanyua bila kujivunja. Alikaa chumba cha juu ya duka la mikate, karibu na cha Shondra. Kila hela ya kampuni ilipoingia, alitenga fungu la serikali ya taifa na fungu la jimbo kabla hajanunua hata soksi, na hakuligusa. Deni la kodi likapungua hadi likaisha, kimya kimya, bila sherehe.

Nilimtembelea Januari. Theluji ilikuwa imefika magotini. Mama Alma alikuwa amefungua milango mikubwa ya banda la trekta, na Marit alikuwa anazunguka ndani, kwenye sakafu ya saruji, anaachia nyundo nje iingie kwenye weupe. Kisha yeye na Shondra wanatoka na majembe kuichimbua, wanatukanana kwa furaha.

"Rusha pembeni basi, mjinga wewe, nimeshachimba huku!"

"Nikirusha pembeni nitaua kuku wa mama!"

"Ua, tule!"

Nilimwangalia rafiki yangu, mashavu mekundu, pumzi inatoka kama moshi, nikajua hatarudi kufundisha na mimi shule ya msingi. Nilifurahi, na moyo ukaniuma kidogo.

Mashindano ya taifa yalifanyika Oregon kiangazi kilichofuata. Mzee Verlin alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akamwachia mke wake ng'ombe na maagizo marefu ambayo mke hakuyahitaji. Tulikaa wote mstari mmoja, mama Alma katikati. Marit aliharibu mrusho wa kwanza, nyundo ikagonga wavu. Wa pili ulikuwa wa kawaida. Wa tatu, ambao ndio unaoamua nani abaki kwenye nane bora, aliingia duarani, akapangusa viatu, akazunguka mara nne, na nilijua kabla hajaachia. Yeyote aliyewahi kurusha anajua. Ile nyundo ilienda kama imeitwa. Mita sabini na moja, mbali kuliko alivyowahi kurusha maishani mwake.

"Hiyo ni nzuri?" mzee Verlin akaniuliza, amenishika mkono kwa nguvu za ukoo wao.

"Ni nzuri, mzee. Niachie vidole."

Alimaliza wa sita. Watatu wa kwanza ndio walioenda mashindano ya dunia, yeye hakwenda. Lakini alikuwa ndani ya kumi bora, na kampuni ikarudisha mkataba kamili, wa miaka miwili. Mama Alma alimpa mkono, akamwambia mguu wa kushoto bado unachelewa.

Mwaka huu wamefika warushaji wengine wawili, mmoja kutoka Arkansas, mwingine kutoka Utah, na duara moja halitoshi. Nilikwenda wiki iliyopita kuwasaidia kumwaga la pili. Marit alikuwa anasukuma toroli la saruji, Shondra anasawazisha kwa ubao, wageni wale wawili wamesimama hawajui waweke wapi mikono yao, na mama Alma anapiga kelele kutoka kibarazani kwamba inaganda, inaganda, mnangoja nini.